Gari Limekufa, Vipuri Vingali Hai

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao kazi cha wakuu wa idara, watendaji wa kata na mafundi wa karakana. Tunaichapisha hapa kwa faida ya wananchi wote.



Nazungumza nanyi juu ya jambo ambalo wananchi wamekuwa wakiliulizia katika kitengo chetu mara kwa mara, nalo ni hatima ya gari kuukuu la zimamoto lililoko nyuma ya karakana.

Kila aingiaye karakana huliona. Rangi yake nyekundu imepauka, limekaa juu ya ringi, na magugu yamepenya sakafu yake. Wako wanaoliita chuma chakavu, na wako watoto wa jirani wanaoliona kama uwanja wa michezo. Leo naomba tulitazame kwa jicho la mwenye mali. Gari hili ni mali ya umma, na hoja yangu ni moja: halitatembea tena, lakini ndani yake mna vitu vinavyoweza kufanya kazi kwa miaka mingi ijayo, mradi vitolewe kwa utaratibu, kwa usalama na kwa daftari. Tusipovitoa sisi mchana, wengine watavitoa usiku. Tayari taa mbili za mbele, betri na viunganishi kadhaa vya shaba vimekwisha kutoweka.

Gari gani hili?

Gari letu ni Bedford aina ya TK. Bedford ilikuwa chapa ya malori ya kampuni ya Vauxhall ya Uingereza, na TK ilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee wetu wanaikumbuka chapa hiyo kwa mabasi ya abiria na malori ya mazao. TK hutambulika kwa urahisi, kwa kuwa injini yake haikai mbele chini ya boneti. Imewekwa nyuma ya kiti cha dereva, na fundi huifikia kwa kufungua vifuniko vilivyo nyuma ya milango ya kebini. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 kampuni mama, General Motors ya Marekani, iliachana na utengenezaji wa malori hayo. Ndiyo maana kipuri kipya cha TK hakipatikani leo katika duka la kawaida.

Gari la zimamoto ni mashine mbili katika umbo moja. Ya kwanza ni lori lenye injini, giaboksi, difu, springi na breki. Ya pili ni kituo cha maji kinachotembea, chenye tangi, pampu, mabomba, vali, viunganishi na ngazi. Tangi la gari letu lilijengwa kubeba galoni 400 za Kiingereza, yaani takriban lita 1,800. Pampu imefungwa nyuma, nayo huzungushwa na injini ileile kupitia gia maalumu inayopeleka nguvu kwenye pampu badala ya magurudumu.

Ni muhimu kuzitenganisha mashine hizi mbili tunapopima thamani. Lori limechoka kwa sababu lilitembea. Pampu haikuchoka kwa kiasi hichohicho, kwa kuwa ilifanya kazi pale tu moto ulipotokea au askari walipofanya mazoezi. Lori laweza kuwa limekufa kabisa ilhali pampu iliyo mgongoni mwake bado ina uhai.

Kabla ya spana, karatasi

Methali yetu yasema: mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo swali la kwanza halimhusu fundi, linamhusu mwenye leja: gari hili ni la nani?

Swali hili si la mzaha. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya serikali za mitaa, na magari yake yalikuwa mali ya halmashauri. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 ikaweka huduma hiyo chini ya jeshi moja la taifa, lililo katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Gari lililokuwapo kabla ya mabadiliko hayo laweza kuwa limebaki katika leja yetu, au laweza kuwa limehamishiwa Jeshi kwenye karatasi huku mwili wake ukibaki kwetu. Kadi ya gari, leja ya mali na barua za makabidhiano zisomwe pamoja. Kama ni mali ya Jeshi, kazi yetu ni kulilinda na kuwaandikia wenyewe.

Ikithibitika kuwa ni letu, hatua zifuatane. Ukaguzi wa kiufundi ufanyike na ripoti iandikwe. TEMESA, Wakala wa Ufundi na Umeme, ndio wenye utaalamu wa kukagua magari ya umma. Kisha vikao vya Halmashauri vijadili, na kibali cha mamlaka husika kiombwe. Tukumbuke kwamba Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 haihusu kununua tu. Inahusu pia namna mali ya umma inavyoondoshwa. Fundi anayefungua boliti kabla ya kibali, hata kwa nia njema ya kutengeneza trekta la Halmashauri, atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza mbele ya Mkaguzi wa Ndani.

Katika hatua hiyohiyo tujiulize jambo lingine ambalo watu wengi hulisahau: je, gari zima lina thamani kuliko vipande vyake? Wako watu, hasa Uingereza, wanaokusanya na kufufua magari ya zimamoto ya zamani. Kwao, kibao kidogo cha mtengenezaji chenye namba ya chasisi, kengele, au saa za vipimo vya pampu ni vitu vya thamani. Nashauri vibao hivyo visibanduliwe, na picha kamili za gari zipigwe kabla ya kugusa chochote. Gari likishafumuliwa, haliwezi kuuzwa tena kama gari zima. Uamuzi wa kulifumua uwe uamuzi, usiwe mazoea.

Usalama wa wanaofungua

Gari lililokaa miaka mingi lina hatari zake. Nimekaa na mafundi wetu wenye uzoefu, nao wameniomba nizitaje bila kuficha.

La kwanza ni viumbe. Nyuki, mavu na nyoka hupenda masanduku ya vifaa na nafasi iliyo chini ya kebini. Milango ifunguliwe kwa fimbo ndefu, mchana, na mtu asifanye kazi peke yake.

La pili ni uzito. Jeki haitoshi, gari likae juu ya magogo imara au stendi za chuma kabla mtu hajaingia chini. Kebini iliyooza kwa kutu isiaminiwe kubeba mtu.

La tatu ni ringi. Malori ya zama hizo yana ringi za vipande, zenye pete ya chuma inayofungia tairi. Tairi ikiwa na upepo, pete hiyo yaweza kuruka kwa nguvu ya kuua. Upepo utolewe wote, hata sindano ya vali iondolewe, kabla ya kulegeza nati ya kwanza.

La nne ni vumbi. Bitana za breki na sahani za klachi za miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu na maradhi mengine yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Ngoma ya breki isipulizwe kwa kompresa hata mara moja. Ilowanishwe kwa maji, ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, na bitana na vitambaa hivyo vifungwe ndani ya mfuko imara, viandikwe, na vikabidhiwe kwa Afisa Mazingira.

La tano ni moto wenyewe. Tangi la mafuta lililo tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka. Mtu asilikate wala kulichomelea. Vilevile, mtungi mdogo wa shaba wa kuzimia moto ukipatikana kebinini usifunguliwe. Baadhi ya mitungi ya zamani ilijazwa kabonitetrakloridi, kimiminika chenye sumu ambacho kikipata joto hutoa gesi ya fosijini.

La mwisho ni povu. Kama kuna dumu au tangi dogo la dawa ya povu, lisimwagwe mtaroni. Baadhi ya mapovu ya zamani yana kemikali ziitwazo PFOS, ambazo Mkataba wa Stockholm uliziweka katika orodha ya udhibiti mwaka 2009, kwa sababu hazivunjiki zikiwa ardhini wala majini, nazo hujilimbikiza ndani ya miili ya viumbe. Mtaro wa karakana yetu unaelekea mtoni, na watu wanachota maji mto huo.

Nini kiokolewe

Mafundi wetu wanapendekeza vipuri vigawanywe katika mafungu matatu: vya kuokoa, vya kuchunguza, na vya kuondosha.

Katika fungu la kuokoa, pampu ndiyo ya kwanza. Ni pampu inayozungusha impela, yaani gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji kwa mzunguko wa kasi. Impela mara nyingi ni ya shaba nyeusi, na ekseli yake ni ya chuma kisichoshika kutu; ndiyo sababu hudumu. Mkononi mwa mnunuzi wa chuma chakavu impela hiyo ni kilo chache za shaba. Ikibaki mahali pake, ni moyo wa mashine inayoweza kuzima moto.

Namna ya kuijaribu ni hii. Kwanza maji na matope yatolewe kupitia kizibo cha chini. Kisha ekseli izungushwe kwa mkono. Ikigoma, ilowekwe kwa mafuta mepesi ya kulegeza kutu kwa siku kadhaa, halafu ijaribiwe taratibu, mbele na nyuma. Nyundo isitumike, kwa sababu ganda la pampu likiwa la aloi ya alumini hupasuka, na ufa wake ni mgumu kuuziba. Ikizunguka bila kukwaruza, ifungwe kwenye injini ndogo na ijaribiwe kuvuta maji kutoka kisimani.

Hapa tusijidanganye na nguvu za mashine. Hakuna pampu inayovuta maji kutoka kina chochote. Kinachoyasukuma maji kupanda bombani ni uzito wa hewa ya dunia, na hata usawa wa bahari uzito huo hauwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi. Katika kazi halisi tuhesabu mita 7, na kwenye maeneo ya milimani tuhesabu pungufu ya hapo. Pampu ikishindwa kuvuta kutoka mita 3, hewa inaingia mahali fulani: kwenye sili ya ekseli, kwenye gasketi, au kwenye bomba la kuvutia. Sili na gasketi hubadilishwa, na fundi hodari hukata gasketi mwenyewe.

Baada ya pampu, viokolewe viunganishi na vali. Viunganishi vya Kiingereza vya inchi 2½, vile vinavyofungwa kwa kusukuma na kufunguliwa kwa kuvuta vishikio, vilitengenezwa kwa kipimo kimoja cha taifa lao, kwa hiyo cha gari moja huingia kwenye mpira wa gari lingine. Vilinganishwe na vifaa vinavyotumiwa na Jeshi katika mkoa wetu. Vikilingana, ni vipuri kamili baada ya kubadilishiwa mpira wa ndani.

Springi nazo zisiuzwe kwa kilo kabla wahunzi wetu hawajaulizwa. Chuma cha springi ya lori ndicho wanachokitafuta kwa majembe, mapanga na patasi, kwa sababu hukubali kupashwa moto na kukazwa upya. Ekseli ya nyuma na difu vyaweza kumfaa mwenye lori la familia hiyohiyo, au kuwa msingi wa tela la trekta.

Fungu la kuchunguza lina injini na viungo vyake. Injini ya gari letu ni ya dizeli, silinda 6, lita 5.4. Aina hiyo ilitumika pia katika malori na mabasi mengine ya Bedford, hivyo stata, pampu ya dizeli na kichwa cha silinda vyaweza kuwa na mnunuzi hata kama injini nzima imekwama. Tangi la maji lichunguzwe kutu. Likiwa zima, lafaa kwa kumwagilia bustani ya miche, lakini lisitumike kwa maji ya kunywa.

Fungu la kuondosha ni la vitu ambavyo macho huvipenda na akili huvikataa. Mipira ya maji ya zamani huonekana mizima, kumbe nyuzi zake zimeoza. Ikijazwa maji yenye msukumo hupasuka na kumwangusha anayeishika. Ikatwe vipande na itumike kukinga kamba zisisagike. Ngazi isitumike kupandia mtu mpaka ijaribiwe kwa uzito na mtaalamu. Matairi, mabomba ya breki, mpira wowote uliopasuka na mikanda ya usalama visiingie stoo hata kidogo. Kipuri kibovu kilichowekwa kwenye rafu ni hatari kuliko kilichotupwa, kwa maana kesho mtu atakiamini.

Kazi ya daftari na picha

Kila kipuri kinachotoka kipewe namba, kifungwe lebo ya bati au plastiki, na kiandikwe: ni nini, kimetoka upande gani, hali yake ikoje, nani amekitoa na lini. Boliti za kipuri ziwekwe ndani ya mfuko mmoja na kufungwa kwenye kipuri chenyewe. Picha ipigwe kabla ya kufungua na baada ya kufungua. Afisa Ugavi aingize vitu hivyo kwenye leja ya stoo siku hiyohiyo, na mabaki yatakayouzwa kwa mnada yatangazwe kwenye mbao za matangazo za kata zote, si kwenye simu za watu wachache.

Kitengo chetu cha Mawasiliano kitatoa mpiga picha, na kitachapisha orodha yote katika jarida hili. Mwananchi akiisoma atajua kilichotolewa, kilichohifadhiwa na kilichouzwa. Minong'ono hukua mahali penye giza. Orodha iliyo wazi huinyima nafasi.

Je, yote haya yana maana?

Najua wapo watakaouliza kwa nini tusumbuke na gari la zama za babu zetu ilhali mahitaji ya leo ni magari mapya. Swali hilo ni la haki, nami nalijibu hivi. Pampu moja iliyofufuliwa haiwi kikosi cha zimamoto. Moto ukitokea, namba ya kupiga ni 114, na wenye jukumu ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Lakini sote tunakumbuka Soko Kuu la Kariakoo lilivyoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, katikati ya jiji kubwa kuliko yote nchini. Sisi tuko mbali na jiji. Dakika za kwanza za moto wa soko letu au wa bweni la shule ni za walio karibu: walinzi, walimu, wafanyabiashara, vijana wa mtaa.

Pampu iliyofungwa kwenye tela dogo karibu na kisima cha soko, ikiwa na watu waliofundishwa na Jeshi lenyewe namna ya kuitumia na kuijaribu kila mwezi, yaweza kutenganisha kuungua kwa kibanda kimoja na kuungua kwa safu nzima. Ikishindikana kwa kazi hiyo, bado yafaa kufundishia vijana wa chuo cha ufundi. Ikishindikana kwa yote mawili, fedha ya mnada uliofanyika mchana kweupe itaingia katika mfuko wa Halmashauri. Katika njia zote tatu umma unapata. Njia pekee ambayo umma unapoteza ni hii ya sasa, ya kusubiri.

Maombi yangu manne

Kwanza, gari lizungushiwe uzio wiki hii, na watoto wazuiwe kulichezea. Pili, Idara ya Utawala na Kitengo cha Ugavi wazikusanye hati zake zote, ili kikao kijacho kijue bila shaka mmiliki ni nani. Tatu, mafundi wasifungue chochote mpaka kibali kipatikane, na kikipatikana waanze na pampu. Nne, watendaji wa kata wapeleke ujumbe huu vijijini na waulize pia huko: trekta la ushirika lililokufa, gari la wagonjwa lililoachwa nyuma ya zahanati, mashine ya kusaga iliyosahaulika. Yote yaorodheshwe kwa utaratibu huuhuu.

Magari haya yalinunuliwa kwa jasho la wananchi na yakawatumikia. Yaliyobaki ndani yake bado ni yao, na sisi tumepewa dhamana ya kuyatunza mpaka boliti ya mwisho.